NIKOLA TESLA, BABU WA RIMOTI

Tangu matangazo ya televisheni ya analojia yazimwe nchini Kenya mwaka 2015, rimoti zimezaana majumbani kama sungura. Hata hapa Chekalini utapata nyumba yenye rimoti ya tivii, ya dikoda na ya redio kubwa, zote meza moja. Moja ikivunjika, mwenye nyumba huenda sokoni kununua ile rimoti ya kila tivii, ambayo ni lazima ifundishwe kwanza ndipo ifanye kazi. Kumfundisha mwanafunzi huyu wa plastiki kumewatoa wengi jasho! Lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua jamaa aliyeanzisha mambo haya ya kuamuru chombo kutoka mbali? Jina lake ni Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, mahali ambapo leo ni nchi ya Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi. Mamake hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa hodari wa kujiundia vyombo vya kazi za nyumbani. Baadaye Tesla alisema wazi kwamba kipawa chake cha uvumbuzi alikirithi kwa mama.

Babake alitaka kijana awe kasisi kama yeye. Kumbe mambo yangegeuka! Mwaka 1873 Tesla alishikwa na kipindupindu, akaugua miezi mingi hata ikadhaniwa kwamba hataona tena jua. Mzee akaahidi kuwa mwanawe akipona atampeleka kusomea uhandisi. Akapona, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi mjini Graz, Austria. Mwanzoni alisoma usiku na mchana. Halafu akaingilia kamari, akaondoka bila shahada. Hapo wenzangu tujifunze kitu.

Hata hivyo akili haikulala. Mwaka 1882, akitembea na rafiki yake katika bustani mjini Budapest, alipata wazo la mota inayozungushwa na umeme unaobadilisha mwelekeo. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York, akaajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison. Hawakupatana, akatoka baada ya miezi michache. Kwa muda alichimba mitaro ili apate chakula. Ndiyo, mhandisi mzima na sururu mkononi! Lakini mwaka 1888 alipewa hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi wa mota yake, na tajiri George Westinghouse akazinunua. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa njia ya Tesla. Stima inayoingia katika nyumba zetu leo ni ya aina iyo hiyo.

Sasa tufike kwenye rimoti. Mwaka 1898 Tesla alipeleka mashua ndogo ya chuma, yenye urefu wa mita moja na kitu, kwenye maonyesho ya umeme katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Aliiweka katika kidimbwi, akasimama kando na kisanduku chake. Hapakuwa na waya wala kamba. Akigusa swichi, mawimbi ya redio yalisafiri hewani, mashua ikakata kona na taa zake zikawaka na kuzima. Watu walishika vichwa! Wengine walidhani ni uchawi, na wengine ati kuna nyani aliyefunzwa amefichwa ndani. Tarehe 8 Novemba mwaka huo alipewa hataza nambari 613,809 kwa uvumbuzi huo. Alitumaini serikali ya Marekani ingeuchukua, lakini wakubwa hawakuona faida yake.

Tesla aliona pia tatizo ambalo hata sisi tunalo. Kama hewa imejaa mawimbi, mashua itajuaje mwito wake? Jibu lake, alilopewa hataza mwaka 1903, lilikuwa kuunganisha mawimbi mawili au zaidi ya masafa tofauti. Chombo kikipata moja tu, kinanyamaza. Kikipata yote pamoja, kinatii. Ni kama kufuli linalotaka funguo mbili.

Rimoti nyingi za leo hazitumii mawimbi ya redio kama mashua ile. Nyingi hutumia mwanga wa infraredi ambao macho hayauoni. Ukielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kufinya kitufe, mara nyingi utauona ukimetameta. Mwanga huo hupepesa karibu mara 38,000 kwa sekunde, ukikatwakatwa kwa mpango maalum, na kila kampuni ina mpango wake. Ndiyo sababu rimoti ya jirani mwenye tivii ya kampuni nyingine kwa kawaida haizimi tivii yako. Sasa kuifundisha rimoti mpya si kuipa akili, ni kuiambia itumie mpango upi. Unawasha tivii kwa kitufe chake yenyewe, unafinya kile kilichoandikwa SET mpaka kitaa kiwake bila kuzima, kisha unaandika nambari ya kampuni iliyo kwenye karatasi. Karatasi ikipotea, nyingi zaweza kujaribu nambari moja moja zenyewe. Tivii ikizima tu, finya kitufe mara moja ili ihifadhi. Ukizubaa inapita, unaanza upya. Kama kwa mashua ya Tesla, asiyejua mwito hasikilizwi.

Lakini mwenye kujua miito ya mashine alikuja kukosa wa kumsikiliza. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa huko Wardenclyffe ili apeleke habari na umeme ng'ambo bila waya. Tajiri J. P. Morgan alitoa pesa, halafu akakataa kuongeza. Mnara ukabomolewa mwaka 1917. Mwaka 1909 Guglielmo Marconi na Ferdinand Braun walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya redio. Tesla hakuwahi kuipata. Uzeeni alihama hoteli hadi hoteli akiacha madeni, na marafiki zake walikuwa njiwa aliowalisha. Alifariki peke yake tarehe 7 Januari 1943, katika chumba cha hoteli huko New York, akiwa na miaka 86.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Tesla alicheza ugenini, akatuzwa akiwa kaburini. Mwaka 1960 jina lake lilipewa kipimo cha nguvu za sumaku. Kwa hivyo, wenzangu, mkiona tesla katika kitabu cha Fizikia, jueni kwamba huyo alikuwa mtu, mtoto wa mama asiyejua kusoma. Na hapa kwetu wapo vijana wanaofungua redio mbovu na kuziunganisha upya, nasi tunawacheka ati wanacheza na takataka. Tuwasikilize wakiwa hai. Kipimo cha sumaku hakilipi kodi ya nyumba.