Margaret Sanger: wakati sheria inaamua dawa ya wamama itakuwa namna gani

Mama anayefika leo kwenye kituo cha afya Goma, Bukavu ao Bunia kwa kupanga uzazi anaonyeshwa vidonge, sindano, ao kijiti cha kuweka kwenye mukono. Wengi wanafikiri vitu vile vilitoka tu kwenye kichwa cha wanganga. Hapana. Sheria nayo ilitia mukono mule, na maisha ya Margaret Sanger, muuguzi wa Marekani, yanaonyesha vizuri vile ilipita.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tisa 1879 katika muji mudogo wa Corning, jimbo la New York. Baba yake alikuwa muchonga mawe kutoka Irlandi, mutu wa maneno mengi na makuta kidogo. Mama yake alibeba mimba 18, watoto 11 wakazaliwa wazima, Margaret akiwa wa sita. Kifua kikuu kilimuua yule mama mwaka 1899, lakini binti aliamini siku zote kwamba mimba njo zilimumaliza. Akasomea uuguzi, akaolewa mwaka 1902, kisha akafanya kazi katika mitaa ya wamaskini wa New York. Kule aliona wamama wanaharibika ju ya kujitoa mimba, na alikatazwa kuwaambia namna ya kuzizuia.

Alikatazwa na nani? Tangu mwaka 1873 sheria ya Comstock ilizuia kupitisha kwa posta kifaa chochote cha kuzuia mimba, hata karatasi inayoeleza tu. Vyote viliwekwa kwenye kapo moja na picha za uchafu. Sisi pia tunajua sheria ya namna hiyo: kipengele 178 cha kitabu chetu cha azabu, kilichotoka kwa wakoloni, kiliazibu kuuzisha na kutangaza vitu vya kuzuia mimba. Ilifaa kungojea sheria ya afya ya tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2018 ndipo inchi ikubali waziwazi haki ya mutu kutumia njia hizo.

Kule Marekani, kukataza hakukumaliza biashara. Kulibadilisha jina tu. Viwanda viliacha kuandika neno mimba, vikaandika usafi wa mwanamuke. Lysol, dawa ya kupangusia chini ya nyumba, ilitangazwa kwa wamama wajioshe nayo ndani, na kila muke aliyesoma alielewa ni ya nini. Iliunguza watu, wengine walikufa, na haikuzuia mimba sawasawa. Lakini nani angeenda kushitaki? Kwenye chupa hakuna mutu aliyeandika kwamba inazuia mimba, kwa hiyo hakuna mutu aliyelazimishwa kuonyesha kwamba inazuia. Kwangu mimi, hapa njo sheria ile ilifanya ubaya wake mukubwa zaidi.

Mwaka 1914 Sanger alitoa gazeti, serkali ikamushitaki, akakimbilia Uingereza. Alipopita Uholanzi mwaka 1915, alijifunza juu ya kifuniko cha mpira ambacho mwanamuke anaweka ndani, mbele ya mulango wa tumbo la uzazi. Kinafaa kupimwa kwa kila muke, ju miili haifanane. Aliporudi, tarehe 16 mwezi wa kumi 1916, yeye na dada yake Ethel Byrne, muuguzi pia, walifungua kituo Brownsville, mutaa wa Brooklyn. Hakukuwa munganga hata mumoja. Wamama zaidi ya 400 walipita mbele ya polisi kuja kufunga. Sanger alikaa buloko siku 30.

Alikata rufaa, akashindwa, lakini mwaka 1918 tribinali ilisema jambo jipya: munganga anaweza kutoa njia hizo kama ni kwa kuzuia ugonjwa. Sanger alishika ile nafasi. Kituo chake cha mwaka 1923 kilikuwa na wanganga wanawake, na kile kifuniko kikawa kitu cha munganga: yeye anapima, yeye anatoa. Mama aliyekuwa na munganga alipona. Yule asiyekuwa na makuta ya munganga alibaki na chupa ya Lysol.

Vifuniko vyenyewe havikupatikana. Bwana wake wa pili, Noah Slee, aliyeuzisha mafuta ya mashini, aliviingiza kwa magendo kupitia Kanada, ndani ya mapipa yake, kisha akasaidia kuanzisha kampuni ya kuvitengeneza palepale. Ilibaki dwani. Mwaka 1932 kifurushi kutoka Japani kilikamatwa. Kesi yake ilimalizika mwaka 1936, na tangu pale wanganga waliruhusiwa kuvipokea.

Sanger alikuwa muzee tayari alipomutafuta mwanasayansi Gregory Pincus kwa ajili ya kidonge, na tajiri Katharine McCormick akatoa makuta. Lakini Massachusetts, fasi Pincus alikuwa anafanya kazi, kuzuia mimba kulikuwa kosa. Njo maana majaribio makubwa ya mwaka 1956 yalipelekwa Puerto Rico, kwa wanawake maskini ambao hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Munganga aliyeyasimamia, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba kidonge kinaleta shida nyingi mno. Hawakumusikiliza. Mwaka 1957 serkali ilikikubali kwa shida za damu ya mwezi tu. Ghafla shida zile zikawa nyingi Marekani. Ruhusa ya kuzuia mimba ilikuja 1960, kwa kipimo cha miligramu 10, kikali kabisa.

Tusimupake mafuta mama huyu. Aliunga mukono wale waliotaka watu fulani wazuizwe kuzala, ati kizazi chao ni kibaya, na mwaka 2020 shirika la kupanga uzazi la New York lilitoa jina lake kwenye kliniki yake ya Manhattan.

Alikufa Tucson tarehe 6 mwezi wa tisa 1966. Miaka ine kisha, baraza la seneti lilipochunguza vidonge vile, damu kuganda ikiwa imeua watumiaji, wanawake vijana walisimama ndani ya chumba wakapiga kelele: hakuna hata mumoja wa wanaovimeza aliyeitwa kusema. Mwaka uleule wa 1970 serkali iliagiza karatasi ya hatari iwekwe ndani ya pakiti, mwanamuke asome mwenyewe.