Mackinnon: Jamaa aliyegeuza nchi kuwa duka

Ukipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, baada ya Voi utapita Mackinnon Road. Wengi wetu huona tu ule msikiti kando ya barabara, tunarudi kusinzia. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka siku moja basi letu likaharibika hapo hapo. Nikakaa saa tatu nikijiuliza, huyu Mackinnon alikuwa nani?

Kumbe ni jamaa ambaye kampuni yake iliendesha Kenya kabla hata haijaitwa Kenya.

William Mackinnon alizaliwa 1823 huko Campbeltown, mji mdogo wa bandari Scotland. Hakuzaliwa tajiri. Alianza kwa kujifunza kazi ya duka la vyakula, kisha akaenda Glasgow kuwa karani. Sisi tulioacha chuo tunapenda sana hadithi za aina hii, lakini tulia kwanza, hii ina mwisho wake.

Mwaka wa 1847 alienda India kusaka maisha. Huko akaungana na Robert Mackenzie, mtu wa kwao aliyekuwa tayari mfanyabiashara. Mwaka wa 1856 wakaanzisha kampuni ya meli za mvuke kati ya Calcutta na Burma. Ujanja wa Mackinnon ulikuwa barua. Alipata mkataba wa kubeba barua za serikali, kwa hivyo meli ikitoka bandarini sehemu ya gharama ilikuwa imeshalipwa. Mizigo na abiria ikawa faida juu yake. Mwaka wa 1872 meli zake zikaanza kuleta barua Zanzibar.

Hapo ndipo macho yake yaliangukia bara letu. Mwaka wa 1877 alianza mazungumzo na Sultan Barghash ili akodishiwe Pwani, lakini mpango ukafa. Akangoja miaka kumi. Mwaka wa 1887 Barghash, akiwa amebanwa na Wajerumani upande wa kusini, akakubali. Septemba 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni hati ya kifalme, na ndivyo ilivyozaliwa Imperial British East Africa Company.

Hebu fikiria: kampuni ya wenyehisa inatoza ushuru, inaajiri askari, inaweka mikataba na wenyeji, mpaka inatoa sarafu zake zenye jina la Mombasa. Tusimpake matope tu, kuna mema. Januari 1889 kampuni ilisimamia malipo ya fidia kwa mabwana wa watumwa, na watoro zaidi ya 1,400, wengi wao waliokimbilia misheni ya Rabai, wakapewa hati za uhuru.

Ila hesabu za biashara zilikataa. Huku hakukuwa na reli. Kila mzigo wa bara ulibebwa na wapagazi kwa miguu, na pembe za ndovu hazikutosha kulipia safari. Mwaka wa 1890 kampuni ikaanza kukata barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa. Barabara hiyo ndiyo iliyopewa jina la Mackinnon.

Mwaka huo huo Lugard, mtu wa kampuni, alipita Dagoretti akielekea Uganda. Akafanya mapatano ya udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Alipoondoka, watu wa kampuni waliobaki wakaanza kupora vyakula vya wenyeji. Vita vikazuka. Mwaka wa 1892 Waiyaki akakamatwa, akapelekwa Pwani chini ya ulinzi. Hakufika. Alifia njiani, Kibwezi.

Mackinnon mwenyewe alifariki London Juni 1893, miezi michache baada ya kampuni yake kuondoka Uganda kwa kuishiwa pesa. Cheo cha heshima alikuwa amepewa. Faida ya Afrika Mashariki hakuiona, na wenyehisa hawakuwahi kupata gawio.

Sasa sikia bili ilivyolipwa. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi na kuilipa kampuni pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka kwenye pesa za Sultan wa Zanzibar, zile alizolipwa na Wajerumani kwa pwani yake ya kusini. Yaani Mzanzibari aliyepoteza pwani moja ndiye aliyegharamia kuhamishwa kwa nyingine. Sisi wa bara hatukuulizwa chochote.

Leo ukiingia mjini asubuhi kupitia Waiyaki Way, na usiku ukapanda basi la Pwani, utakuwa umepita majina mawili ya kampuni moja: aliyeileta, na aliyeuawa na ujio wake. Ukifika Mackinnon Road, usilale.