Ewart Grogan

Ewart Scott Grogan (12 Desemba 1874 – 16 Agosti 1967) alikuwa mpelelezi, mfanyabiashara na mwanasiasa kutoka Uingereza aliyeishi Kenya kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Anajulikana hasa kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, na kwa kuleta samaki aina ya trauti katika mito ya Kenya.

Maisha ya awali na safari

Alizaliwa London katika familia yenye watoto wengi. Alisoma Winchester, halafu Chuo Kikuu cha Cambridge, na kote aliondoshwa kwa utundu. Mwaka 1896 alipigana katika vita vya Wamatabele katika nchi ya Zimbabwe ya leo.

Baadaye alimpenda Gertrude Watt wa New Zealand, lakini baba wa kambo wa binti huyo alimwona hafai. Ili kuonyesha kwamba ni mtu wa maana, mwaka 1898 Grogan alianza safari kutoka Beira. Alipita ziwa Nyasa, ziwa Tanganyika na Ujiji, akaendelea kwa volkeno za Virunga hadi mto Naili, kwa sehemu kubwa kwa miguu. Mwenzake Arthur Sharp alirudi njiani. Grogan alifika Kairo mwaka 1900 akafunga ndoa mwaka uleule. Kama wasafiri wengi wa wakati ule alihesabiwa kuwa alitembea peke yake, ingawa mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waafrika.

Trauti

Alihamia Kenya mwaka 1904. Mwaka 1905 aliagiza kutoka Uskoti mayai ya trauti wa kahawia wa Loch Leven. Yalisafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi bara, kisha yakabebwa na wapagazi hadi mto Gura katika milima ya Aberdare (Nyandarua). Yaliagizwa mayai kwa sababu yakiwekwa mahali penye baridi na unyevu yanavumilia safari ndefu kuliko samaki wazima. Trauti huhitaji maji baridi yanayokwenda kasi. Katika maji ya chumvi na joto kama ya ziwa Singidani mkoani Singida hawezi kudumu.

Pamoja na samaki ulikuja uvuvi wa chambo bandia. Trauti hula wadudu ambao hukua chini ya maji, kisha hupanda juu, hupasua ngozi ya zamani na kuruka, wakiishi siku moja au chache tu wakiwa na mabawa. Dakika ile mdudu akiwa bado amenaswa nusu katika ngozi yake ndiyo samaki humkamata kwa urahisi. Kwa hiyo mfungaji wa chambo huzungushia ndoana ndogo uzi na manyoya ya shingo ya jogoo ili ielee, huku sehemu ya nyuma ikizama kidogo mithili ya ngozi inayovuliwa. Leo kufunga chambo hizi ni ajira nchini Kenya, na nyingi huuzwa Ulaya na Marekani.

Wakati wa ukoloni uvuvi wa trauti uliwekewa leseni, na ulikuwa mchezo wa walowezi. Wenyeji wa kando ya mito hiyo hawakuulizwa.

Siasa na lawama

Mwaka 1907 Grogan, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, akidai waliwakosea heshima wanawake Wazungu. Hakukuwa na kesi wala hukumu dhidi yao. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, alichokitumikia katika nyumba, si katika gereza la kawaida. Maelezo ya maisha yake yanayotaja safari na samaki bila tukio hili hayajakamilika.

Alijipatia misitu ya mbao na ardhi kubwa, alijenga hoteli ya Torr's mjini Nairobi, na alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria.

Miaka ya mwisho

Gertrude alifariki mwaka 1943. Grogan alitoa ardhi ya hospitali ya watoto ya Gertrude's mjini Nairobi kwa kumbukumbu yake. Karibu na Taveta, alikokuwa na mashamba ya mkonge, nyumba yake juu ya kilima bado huitwa ngome ya Grogan. Alifariki Cape Town. Barabara iliyokuwa na jina lake Nairobi sasa ni Kirinyaga Road, lakini mafundi wa magari wa pale bado huita mtaa wao Grogan.