Émile Jaques-Dalcroze: Mwalimu aliyeanzisha somo miguuni mwa mwanafunzi

Katika shule nyingi za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa yupo mtoto ambaye kila mwalimu anamfahamu. Amefika darasa la tatu, lakini herufi bado zinamchanganya na hesabu ndogo zinamshinda. Jioni, mganda au kioda vikichezwa, mtoto huyohuyo hakosei hatua. Anageuka wenzake wanapogeuka, na ngoma ikinyamaza anasimama. Watu wazima humwangalia, hutabasamu, kisha husema kwamba ngoma anaiweza, ila shule imemshinda.

Mwanamuziki mmoja wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1950, alikutana na jambo linalofanana na hilo akiwa darasani. Hakutabasamu na kuliacha lipite. Alijiuliza: kama mwili umekwisha kujua, kwa nini somo lisianzie hapo? Swali hilo lilimchukua maisha yake yote, na jibu lake liliwafikia watoto ambao shule nyingi zilikuwa zimekata tamaa nao. Mtu huyo ni Émile Jaques-Dalcroze, na haya ndiyo maisha yake.

Alizaliwa na kukulia wapi?

Émile Jaques alizaliwa tarehe 6 Julai 1865 mjini Vienna, Austria. Wazazi wake walikuwa Waswisi. Baba alikuwa katika biashara ya saa, na mama alikuwa mwalimu wa muziki. Mwaka 1875, Émile akiwa na miaka kumi, familia ilihamia Geneva, Uswisi. Jina Dalcroze aliliongeza mwenyewe baadaye, alipoanza kuchapisha nyimbo zake, ili asichanganywe na mtunzi mwingine mwenye jina kama la kwake.

Alisoma muziki Geneva, Paris na Vienna. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo watunzi wenye sifa kubwa Ulaya, kama Léo Delibes na Anton Bruckner. Alipiga kinanda, akatunga nyimbo za watoto na muziki wa sherehe kubwa za wananchi. Angeweza kuishia hapo, akakumbukwa nchini kwake kama mtunzi mzuri tu.

Afrika ilimfundisha nini?

Mwaka 1886, akiwa kijana wa miaka 21, alipata kazi ya kuongoza muziki katika jumba la maonyesho mjini Algiers, Algeria. Huko aliwasikia wanamuziki wa Kiarabu wakishika mapigo ambayo hayakuwamo katika masomo yake. Ulaya alizoea muziki unaohesabiwa mbilimbili, tatutatu au nnenne. Algiers alikuta hesabu nyingine, na mpigaji mmoja akifuata njia yake huku mwenzake akifuata njia tofauti, wala hawapotezani.

Kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kiafrika hilo si ajabu. Kwa kijana aliyefundishwa kusoma mapigo kwenye karatasi, lilikuwa somo jipya. Alirudi Ulaya nalo, na miaka iliyofuata aliitumia sana kuchunguza mapigo na namna mwanadamu anavyoyashika.

Darasa lililombadilisha

Mwaka 1892 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha muziki cha Geneva. Wanafunzi wake walikuwa vijana wenye akili, na kanuni walizijua. Waliweza kuandika sauti kwenye karatasi kama mtu anayekokotoa hesabu, lakini wengi hawakuweza kuzisikia kichwani. Wengine walipiga kinanda kwa vidole vyepesi, ila mapigo yakawaponyoka: mara wanakimbia, mara wanachelewa.

Jaques-Dalcroze aligundua kitu ambacho wengine walikipita. Vijana haohao waliposimama na kutembea, miguu yao ilikwenda sawasawa. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kutembea kwa mapigo yanayolingana. Kipimo walichokikosa kwenye kinanda walikuwa nacho miguuni.

Basi akawatoa kwenye viti. Aliwaambia watembee huku yeye akipiga kinanda. Akiongeza kasi, wanaongeza. Akipunguza, wanapunguza. Akinyamaza, wanasimama papo hapo. Kisha akaongeza ugumu: mikono ipige makofi kwa hesabu moja na miguu iende kwa hesabu nyingine. Alitumia pia neno fupi la amri, hop, na mwanafunzi akilisikia alipaswa kubadili alichokuwa akifanya mara moja, kwa mfano kugeuka, kurudi nyuma au kusimama.

Mtu akitazama kwa mbali angeyaona kama mchezo. Lakini ndani yake kulikuwa na kazi tatu ngumu kwa mtoto yeyote: kusikiliza kwa makini, kujizuia, na kubadilika kwa wakati unaotakiwa. Kazi hizo tatu ndizo zinazohitajika pia mtoto anapokaa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hakupokelewa vizuri na wote. Wanafunzi wake walifanya mazoezi miguu peku na kwa mavazi mepesi, na baadhi ya watu wa Geneva waliona ni utovu wa adabu. Chuo chake nacho hakikuwa tayari kuyaingiza mafunzo hayo katika ratiba. Aliendelea hata hivyo, akiwaonyesha walimu wengine na kuandika vitabu vya mazoezi.

Kutoka Ujerumani hadi Liuli

Mwaka 1910 alialikwa Ujerumani, kwenye kitongoji kipya cha Hellerau karibu na mji wa Dresden. Kitongoji hicho kilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa karakana ya samani. Aliyemwalika, Wolf Dohrn, alisimamia ujenzi wa chuo kizima kwa ajili ya mafunzo ya mapigo na mwendo. Wanafunzi walitoka nchi nyingi, na watoto wa wafanyakazi wa hapo nao walifundishwa. Maonyesho ya mwaka 1912 na 1913 yaliwavuta wasanii wakubwa wa Ulaya.

Kazi hiyo ilikatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yalilipiga kwa mizinga kanisa kuu la Reims, Ufaransa. Jaques-Dalcroze alitia saini tamko la kulaani kitendo hicho. Ujerumani ilimgeuka, na hakurudi tena kwenye chuo chake cha Hellerau.

Vita hivyohivyo vilifika kwetu. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Vita vilipokwisha, vijana wa pande zote za ziwa walichukua hatua za gwaride na bendi za askari, wakazigeuza kuwa ngoma yao. Upande wa Tanzania ngoma hiyo ni mganda, na upande wa Malawi inajulikana kama malipenga. Mistari iliyonyooka, kugeuka kwa pamoja, kusimama kwa ishara: yale aliyoyatafuta mwalimu wa Geneva kwa mazoezi, vijana wa Nyasa waliyajenga wenyewe kwenye viwanja vya vijiji.

Yaliwafikiaje watoto wenye ugumu wa kujifunza?

Mwaka 1915 Jaques-Dalcroze alifungua chuo chake mwenyewe mjini Geneva, na chuo hicho kipo hadi leo. Yeye hakuanza na watoto wenye ulemavu. Alianza na wanafunzi wa muziki. Lakini mapema kabisa aliona kwamba mazoezi yake yanahusu zaidi ya muziki. Édouard Claparède, mwanasaikolojia wa Geneva aliyechunguza namna watoto wanavyojifunza, aliyaunga mkono. Jaques-Dalcroze mwenyewe aliandika kuhusu mazoezi kwa watu wasioona, wanaojifunza nafasi na umbali kwa kutumia mwili na sikio.

Aliyelibeba jambo hilo mbali zaidi ni mwanafunzi wake, Mimi Scheiblauer, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1968. Alifundisha Zurich kwa miaka mingi, na alikwenda kufanya kazi na watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida: vijiti, mipira, ngoma, njuga. Mtoto asiyesikia aliweza kuushika mtetemo wa ngoma kwa viganja. Mtoto asiyesema aliweza kujibu kwa kugonga kijiti baada ya mwalimu kugonga chake. Hapo mazungumzo yalikuwa yameanza, ingawa hakuna neno lililotamkwa. Mwaka 1966 ilitolewa filamu iliyoonyesha kazi yake na watoto ambao watu wengi waliamini kwamba hawawezi kufundishwa lolote.

Jaques-Dalcroze alifariki Geneva tarehe 1 Julai 1950, siku chache kabla ya kutimiza miaka 85. Leo walimu wanaofuata njia yake wako katika nchi nyingi, na mazoezi yake hutumika kwa wanamuziki, kwa wazee wanaoogopa kuanguka, na kwa watoto wenye mahitaji maalumu.

Yanasaidia nini, na hayasaidii nini?

Hapa inafaa kusema ukweli wote. Ngoma na mwendo si dawa, wala haviondoi ulemavu wa akili au usonji. Mtoto mwenye kifafa anahitaji kuendelea na dawa zake. Mtoto aliyeugua malaria kali iliyoathiri ubongo anahitaji kuonwa na daktari akionekana amebadilika. Na mara nyingine mtoto anayeitwa mzito hasikii vizuri, au haoni ubaoni. Kwanza apimwe masikio na macho.

Kinachoweza kupatikana ni kingine. Mtoto hujifunza kusubiri zamu, kusikiliza hadi mwisho, kukumbuka mfuatano wa mambo, na kufanya jambo pamoja na wenzake bila kuchekwa. Watafiti wa karne hii wameona pia kwamba watoto wengi wenye shida ya kusoma hupata shida kushika mapigo, kwa sababu sikio linalotambua mapigo linahusika pia katika kutambua silabi. Basi mazoezi ya mapigo huandaa njia, lakini kusoma kwenyewe bado kunahitaji kufundishwa, kwa utulivu na kwa kurudia.

Na yule mtoto asiyekosea hatua ya ngoma? Hatua zake zinaonyesha kwamba anaweza kusikiliza, kukumbuka na kufuata utaratibu. Fimbo haitaongeza hapo kitu. Kazi ya mwalimu ni kutafuta daraja kati ya uwanja na ubao.

Mzazi na mwalimu wanaweza kufanya nini?

Dakika kumi kila siku zinatosha kuanza, na hakuna haja ya kununua kitu. Debe au sufuria na kijiti vinafaa.

Anza na kutembea na kusimama. Piga taratibu, mtoto atembee. Nyamaza, asimame. Akishazoea, badili kasi. Kisha chagueni neno lenu la ishara, na akilisikia ageuke.

Zoezi la pili ni maneno kwa makofi. Ka-ha-wa, makofi matatu. Ma-ha-ra-gwe, makofi manne. Nya-sa, mawili. Mtoto akishika hayo, mwandikie neno lenyewe na umwonyeshe kila silabi anapopiga kofi. Hapo ngoma imefika kwenye daftari.

Zoezi la tatu ni hesabu kwa hatua. Hatua tano mbele, mbili nyuma: amebakiza ngapi kutoka pale alipoanzia? Jibu analiona kwa macho na kulisikia kwa miguu kabla ya kuliandika.

Kazi za nyumbani nazo ni darasa. Kutwanga wawili katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, kunafundisha zamu kuliko maneno mengi. Kupiga kafi pamoja mtumbwini ni vilevile, mtu mzima akiwa karibu.

Yapo mambo ya kuangalia. Watoto wengine, hasa wenye usonji, huumizwa na kelele, hivyo anza kwa sauti ndogo. Usimlazimishe anayetaka kutazama kwanza. Asiyeweza kutembea apige makofi au agonge kijiti. Na usimfanye mtoto kuwa maonyesho ya kuchekesha wageni.

Mzazi ajue pia kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu pamoja na wenzake. Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa nchini, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Kama mtoto wako hasongi mbele, zungumza na mwalimu mkuu, kisha uliza kwa afisa elimu maalumu katika halmashauri yako. Usimfungie nyumbani kwa aibu, kwa sababu kila mwaka anaokaa ndani ni mwaka wa masomo anaoupoteza.