Mwalimu Coriolis na Meza Isiyo na Mashimo

Mwaka jana nilikuwa TP Dunda, Bagamoyo, nafundisha fizikia. Jioni moja nikawakuta wanafunzi wangu wawili kwenye meza ya pool, nikawafukuza. Kesho yake mmoja akaniuliza darasani, kwa heshima kabisa, kwa nini mpira ukipigwa fimbo ikiwa imeinuliwa juu unapinda njiani. Nikamwambia tutaliona kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikujua. Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa Gaspard-Gustave de Coriolis.

Alizaliwa Paris mwaka 1792, akakulia Nancy. Mwaka 1808 alishika nafasi ya pili katika mtihani wa kuingia École Polytechnique, kisha akasomea uhandisi wa barabara na madaraja. Afya yake ilikuwa dhaifu, na baba yake alipofariki ikabidi aitunze familia. Mwaka 1816 akawa mkufunzi palepale Polytechnique. Ndiyo, alikuwa mwalimu kama sisi.

Mwaka 1829 alitoa kitabu kuhusu mashine. Humo ndimo neno kazi lilipata maana yake ya kifizikia, na nishati mwendo ikapata ile nusu yake tunayowakariri wanafunzi.

Mwaka 1835 akatoa kitabu kizima cha hesabu za biliadi. Wafaransa wana mchezo wao, karamboli, unaochezwa kwenye meza isiyo na mashimo. Mipira ni mitatu tu. Unapiga wa kwako, na ukigusa ile mingine miwili unapata pointi na kuendelea. Ukikosa, zamu ni ya mwenzako. Hakuna shimo la kukuokoa, kwa hiyo lazima ujue mpira utapita wapi. Coriolis alionyesha kwamba mpira uliopigwa kwa fimbo iliyoinuliwa huteleza huku ukizunguka, msuguano unaupindisha kwa umbo la parabola, halafu ukianza kuviringika unanyooka.

Mwaka huohuo aliandika kuhusu mwendo ndani ya vitu vinavyozunguka. Akilini alikuwa na mashine, si upepo. Waliokuja baadaye ndio waliohusisha hesabu zake na dunia inayozunguka. Leo kwazo tunaeleza kwa nini kusi, ikishavuka ikweta, inapinda kulia kuelekea Arabuni na India. Majahazi ya pwani yetu yaliutumia upepo huo karne nyingi kabla yake.

Mwaka 1838 akawa mkuu wa masomo Polytechnique. Alifariki 1843, akiwa na miaka 51.

Nilirudi darasani na jibu. Nikaanza kwa kumshukuru aliyeuliza, na nikakiri kwamba siku ile sikulijua. Pool saa za masomo bado nakataza, hilo halijabadilika. Ila wewe unayekwenda TP mwaka huu, ukimkuta mwanafunzi mezani, kabla hujamfukuza muulize kwanza ameona nini.