Mwalimu Nyerere, Mfasiri wa Juliasi Kaizari

Habari za Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mmezisoma mara nyingi katika vitabu vya historia na vya uraia. Mnazo habari za TANU, za Uhuru na za Azimio la Arusha. Kwa hiyo sikusudii kuyarudia yote hayo. Nataka kueleza upande mmoja wa maisha yake ambao wengi wetu tunausahau, nao ni kazi yake ya kutia michezo ya kuigiza ya Kiingereza katika Kiswahili. Lakini kwanza hapana budi niseme kwa nini nimeichagua habari hii, ijapokuwa inanitia haya.

Muhula huu chama chetu cha michezo ya kuigiza kilijifunza sehemu ya Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu. Mimi nilipewa nafasi ya raia mmoja wa Roma, katika kundi linalomkamata mshairi Cinna njiani na kumwua. Mshairi huyo hakuwa na kosa lo lote. Jina lake tu lilifanana na la mtu mwingine aliyeshiriki katika njama ya kumwua Kaizari. Niliyakariri maneno yangu siku mbili bwenini, nikayasema mbele ya wenzangu kwa sauti kubwa, nisikose hata moja. Ndipo mwalimu wetu aliponisimamisha, akaniuliza mtu huyu tunamwua kwa sababu gani. Sikuwa na jibu. Wenzangu wakacheka sana. Nilikuwa nimesema kila neno sawasawa, wala sikujua ninasema nini.

Tangu siku ile nikataka kujua juu ya mtu aliyeyaandika maneno yale ya Kiswahili, maana nilifahamu kwamba yeye hakuyakariri tu.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922, katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya wa Nyang'ombe. Lugha aliyonyonya kwa mama ni Kizanaki. Hakuanza shule ila alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kilivyo kwa watoto wengi wa vijiji vya Kasulu na Kibondo ambao nyumbani husema Kiha. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, na huko akaingia katika Kiingereza. Tabora wakati huo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, na wilaya zetu hizi zilikuwa ndani ya jimbo hilo.

Basi kabla hajawa mtu mzima, mtoto huyu alikuwa amekwisha kuvuka mito miwili: kutoka Kizanaki mpaka Kiswahili, na kutoka Kiswahili mpaka Kiingereza. Kila mwanafunzi wa shule yetu ameivuka mito hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wengi wetu tukifika ng'ambo hatutazami nyuma tena.

Mwaka 1943 aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, akajifunza kazi ya ualimu. Alirudi Tabora akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria tangu mwaka 1946. Mwaka 1949 akaenda Scotland, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akakaa huko mpaka mwaka 1952. Alijifunza uchumi, historia, fasihi ya Kiingereza na falsafa ya maadili. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai, 1954, TANU ikaundwa naye akiwa rais wake. Mwaka uliofuata ilimpasa achague siasa au ualimu, akaacha kazi ya shule. Lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kaburini.

Sasa ninafika katika jambo lenyewe. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na mwaka mmoja baadaye Mwalimu akawa Rais wa Jamhuri. Mtu angedhani kwamba mkuu wa nchi changa, yenye wasomi wachache na fedha kidogo, hana nafasi ya kukaa na kitabu cha michezo. Hata hivyo mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka katika kitabu. Wakati ule walikuwako watu waliodhani kuwa Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kuwaamrisha watumishi, haiwezi kubeba mawazo makubwa. Mwalimu hakubishana nao kwa maneno mengi. Aliwawekea kitabu mezani.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mashairi yetu ya kimapokeo yana vina na mizani, lakini mashairi ya Shakespeare katika mchezo huo kwa sehemu kubwa hayana vina. Mwalimu aliacha vina, jambo ambalo masikio ya Waswahili hayakulizoea. Tena maana yenyewe hujificha. Katika mchezo huo Antonio anasimama mbele ya maiti ya Kaizari na kuwasifu wauaji kuwa ni watu wa heshima. Anawasifu tena na tena, na kila mara anaporudia sifa hiyo, inazidi kugeuka kuwa shutuma, mpaka watu waliokuja kuwashangilia wauaji wanaondoka kwenda kuchoma nyumba zao. Maneno ni yale yale, maana imepinduka. Atakayefasiri maneno bila kuiona nia iliyo nyuma yake atatoa sifa tupu, na mchezo wote utaharibika.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni hiki. Baada ya kuitoa tafsiri ile, Mwalimu hakutosheka nayo. Aliirudia, akaitengeneza upya, na mwaka 1969 ikatoka mara ya pili, hata jina likiwa limebadilika na kuwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitoka katika lugha za Bara Hindi, na zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Baadaye, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilikuja kuwa na maana ya mtu anayenenepa kwa jasho la wengine. Hivyo kwa neno moja la jina la kitabu, Mwalimu aliufasiri mchezo na pia akawahukumu watu waliomo ndani yake. Wapo wanaosema kwamba alizidisha. Hata kama alizidisha, alijua anafanya nini, na msomaji anaweza kubishana naye.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mitambo, kwa kuwa inahusika. Mwaka 1950, Mwalimu alipokuwa bado mwanafunzi Edinburgh, mtaalamu wa hesabu wa Kiingereza aitwaye Alan Turing, aliyekuwa Manchester, aliandika makala juu ya swali la kama mitambo inaweza kufikiri. Alipendekeza mchezo: muulizaji azungumze kwa maandishi na mtu na mtambo asiowaona, na kama hawezi kupambanua yupi ni yupi, basi ubishi uishe. Kumbe huo nao ni mchezo wa kuigiza, mtambo ukishika nafasi ya mtu. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alijibu kwa mfano. Tuseme mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea maandishi ya Kichina kutoka nje, anafuata kanuni, anatoa majibu ya Kichina yaliyo sahihi. Walio nje watadhani anajua Kichina, naye hajui hata neno moja. Nilipoelezwa mfano huo nilijiona mimi mwenyewe nikiwa raia wa Roma.

Katika nchi yetu kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi ya hesabu za serikali. Hesabu hizo zilikuja kuharibika, na mitambo ilikuwa ikila fedha za kigeni. Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengine wanalitaja jambo hili ili kumcheka. Mimi naona kulikuwa na haki na kosa pamoja. Haki ni kuwa nchi maskini isinunue kitu isichokielewa kwa sababu tu wengine wanacho. Kosa ni kuwa njia ya kukielewa kitu si kukifungia mlango. Mwalimu hakukifungia mlango Kiingereza cha Shakespeare. Alikifungua, akakaa nacho mpaka kikasema Kiswahili. Laiti kompyuta nazo zingefanyiwa hivyo, labda leo tungekuwa na mafundi wengi zaidi.

Siku hizi mitambo inafasiri. Mwalimu wetu wa kompyuta alituonyesha programu inayotia ukurasa mzima wa Kiingereza katika Kiswahili kabla hujamaliza kupiga chafya. Wenzangu kadhaa wakasema kwamba basi hakuna haja tena ya kuhangaika na lugha. Tukaijaribu. Tukaiomba itupe salamu ya asubuhi ya Kiha. Ikatoa mwaramutse, bila kusita wala kuona haya. Hiyo ni salamu ya jirani zetu Warundi; Muha wa Kasulu husema mwakeye. Tukacheka, lakini baadaye nikafikiri. Mtambo ulikosea, na kukosea si ajabu, hata Rais alikosea. Ila haukujua kwamba umekosea mpaka sisi tulipouambia, na sisi tulijua kwa sababu bibi zetu wametusalimu hivyo tangu tulipozaliwa. Ikiwa sisi wenyewe tutakiacha Kiha, na Kiswahili tukakijua kwa kukariri tu, nani atakuwepo wa kuuambia mtambo kwamba umekosea?

Nadhani hapo ndipo maisha ya Mwalimu yanapotufundisha. Baada ya miaka sita, akiwa Rais, alikifungua kitabu chake mwenyewe, akajisahihisha mbele ya watu wote. Hata alipokwisha kustaafu mwaka 1985 hakuacha kazi hiyo. Aliandika sehemu za Biblia kwa utenzi wa Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama, pale pale alipoanza kusema Kizanaki. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini maneno yake yamenikuta hapa, na yamenitia aibu iliyonifaa.

Baada ya siku ile ya kuchekwa nilimwomba mwalimu asininyang'anye nafasi yangu. Nikausoma mchezo wote tangu mwanzo. Nikaona kwamba raia wale hawamwui Cinna kwa chuki naye. Wamesikia hotuba, damu imewachemka, na sasa jina peke yake linatosha. Mshairi anajieleza kwamba siye, nao wanasikia, lakini hawaelewi, wala hawataki kuelewa. Sisi wa nyanda hizi tunapaswa kulijua jambo hilo kuliko wengine. Tangu mwaka 1972, na tena mwaka 1993 na mwaka 2015, watu wamevuka mpaka kutoka Burundi kuja kwetu, wakikimbia. Baadhi ya watoto wao tumesoma nao darasa moja la msingi. Maneno yanayosemwa na kundi zima pasipo mtu mmoja kuuliza maana yake si mchezo.

Usiku wa maonyesho niliyasema maneno yangu yale yale, hayakuzidi wala kupungua. Watu wa nyuma hawakuona tofauti yo yote, nadhani. Lakini nilipomshika yule mwenzangu aliyekuwa Cinna, mikono yangu ilitetemeka, na mwalimu wetu, aliyesimama kando ya pazia, hakuniuliza kitu.