Kadhi Aliyevuliwa Cheo

Ukhalifa ulipofutwa na Bunge la Uturuki mwezi Machi 1924, kulikuwa na minong'ono kwamba Mfalme Fuad wa Misri anautamani. Mwaka uliofuata, Sheikh Ali Abdel Raziq, kadhi aliyesomea Azhar na kupitia Oxford, alitoa kitabu juu ya Uislamu na misingi ya utawala.

Hoja yake ni nyepesi kuitaja, nzito kuibeba. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletwa na risala, si ufalme. Ukhalifa haukufaradhishwa, na Waislamu wako huru kujipangia serikali kwa akili na uzoefu wa mataifa. Ushahidi wake aliutoa katika Kurani na Hadithi.

Agosti 1925 maulamaa wakuu wa Azhar walimvua shahada ya uanachuoni. Ukadhi nao ukamtoka. Waziri wa Sheria, Abdel Aziz Fahmi, aliposita kuitekeleza hukumu, alifukuzwa, na serikali ya mseto ikapasuka. Sisi wa visiwani, wenye kadhi na Baraza la Wawakilishi mji mmoja, tuna haki ya kuuliza: siku ile ililindwa dini, au kiti?

Katika miaka ya 1940 alirudishiwa hadhi yake, hata akawa Waziri wa Wakfu. Alifariki mwaka 1966. Kitabu kingali kikibishaniwa.